AFYA YETU: MGONJWA ASIYEANDIKWA HAONEKANI



Fikiri kwamba umekaa nje ya nyumba yako hapa Kizwite. Ni jioni ya mwezi wa Julai. Baridi ya Ufipa inauma. Majirani wameota moto na mazungumzo yamefika kwenye korona. Kijana mmoja anasema:

"Baba mkubwa, korona ulikuwa ugonjwa wa Wazungu. Redio ilitangaza mamilioni ya wagonjwa huko kwao. Sisi tulikuwa wachache tu."

Mzee ananyamaza kidogo. Kisha anamwuliza:

"Mwanangu, sisi nani alituhesabu?"

Swali hilo la mzee ndilo somo letu la leo. Soma polepole. Kama uko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni yapo maswali ya kujadili.

1. HESABU ZILISEMA NINI?

Ugonjwa wa korona, au UVIKO-19, ulianza kujulikana katika mji wa Wuhan, China, mwezi Desemba 2019. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba ugonjwa huo umekuwa janga la dunia. Janga la dunia ni ugonjwa unaoenea katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi 2020, Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Alikuwa msafiri aliyefika kwa ndege kutoka Ubelgiji.

Sasa tazama hesabu za nchi mbili, tangu janga lilipoanza.

Marekani ilikuwa na watu kama milioni 330 mwaka 2020. Iliandika wagonjwa zaidi ya milioni 100. Maana yake, katika kila watu 10,000, walioandikwa ni zaidi ya 3,000.

Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120 katika sensa ya mwaka 2022. Iliandika wagonjwa kama 43,000. Maana yake, katika kila watu 10,000, walioandikwa ni kama 7 tu.

Tofauti ni kubwa mno: 3,000 kwa 7.

Tangu mwaka 1990 Umoja wa Mataifa hupima maendeleo ya kila nchi kwa mambo matatu: watu wanaishi miaka mingapi, wanasoma kiasi gani, na wanapata kipato gani. Ukizipanga nchi kwa kipimo hicho utaona jambo la kushangaza. Kwa jumla, nchi zilizoendelea ziliandika wagonjwa wengi wa korona. Nchi zenye maendeleo madogo ziliandika wachache.

Je, maendeleo huleta korona? Je, umaskini ni kinga? Tusikimbilie kujibu. Tuchunguze kwanza.

2. YAPO MAMBO YA KWELI

Yako mambo yaliyofanya ugonjwa ukawaumiza zaidi watu wa nchi tajiri. Tusiyafiche.

Kwanza, umri. Korona iliua zaidi wazee. Nchini Italia, nusu ya watu wana umri unaozidi miaka 45. Tanzania, karibu nusu ya watu hawajafika miaka 18. Mahali penye wazee wengi, wagonjwa mahututi na vifo huwa vingi.

Pili, safari. Watu wa nchi tajiri husafiri sana kwa ndege. Ugonjwa ukaingia kwao mapema na kutoka mji hadi mji kwa siku chache.

Tatu, makazi. Wengi wetu hufanya kazi shambani, penye hewa ya kutosha. Wenzetu wengi hufanya kazi ndani ya majengo. Lakini sisi wa Ufipa tukumbuke: wakati wa baridi tunafunga madirisha na kulala wengi chumba kimoja. Hapo hewa haitoshi.

Hata hivyo, umaskini si kinga ya maradhi. Tazama kipindupindu. Huo ni ugonjwa wa maji machafu na ukosefu wa vyoo. Kuanzia Agosti 2015 hadi mwaka 2018 Tanzania iliandika wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 33,000. Zaidi ya 500 walikufa. Katika nchi ambazo kila nyumba ina maji safi ya bomba na choo bora, kipindupindu ni habari ya nadra. Kwa hiyo maendeleo hukinga.

Basi kwa nini korona ilionekana kinyume? Umri na safari ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine kubwa imo katika neno moja: kuandikwa.

3. TAA NA PANYA

Chukua maghala mawili ya mahindi. Yote mawili yana panya. Mwenye ghala la kwanza anaingia usiku na taa. Anahesabu panya 20. Mwenye ghala la pili hana taa. Anasimama mlangoni gizani, anasikia panya mmoja, kisha anarudi kulala akisema, "Ghala langu lina panya mmoja."

Ghala lipi lina panya wengi? Hatujui. Tunajua tu lipi lina taa.

Katika maradhi, taa ni kipimo, maabara, daktari na daftari. Vitu hivyo vinahitaji fedha, umeme, barabara na watu waliosoma. Nchi yenye maendeleo ina taa nyingi. Nchi isiyo na maendeleo ina taa chache. Ndiyo maana nchi tajiri huonekana kama ina panya wengi zaidi.

4. TUFANYE HESABU

Tuchukue mfano wa vijiji viwili. Vijiji hivi ni vya kufikiri tu. Kila kimoja kina watu 1,000. Katika kila kijiji watu 100 wameambukizwa.

Kijiji cha kwanza kiko karibu na hospitali. Wagonjwa 80 wanakwenda kupimwa. Wote 80 wanaandikwa.

Kijiji cha pili kiko mbali. Kati ya watu 100, ni 10 tu wanaofika zahanati. Zahanati haina kipimo. Wagonjwa 2 wanapelekwa hospitali ya wilaya na kupimwa. Hao 2 wanaandikwa.

Mwisho wa mwezi taarifa inasema: "Kijiji cha kwanza, wagonjwa 80. Kijiji cha pili, wagonjwa 2."

Mtu aliye mbali akisoma taarifa hiyo atasema kijiji cha pili ni salama. Lakini wewe umeona kwamba ugonjwa ni uleule, na watu ni wale wale 100. Kilichotofautiana ni njia ya kufika kwenye kipimo na kwenye daftari.

Kumbuka kwamba mwanzoni mwa janga vipimo vya korona vya Tanzania vilitegemea maabara ya taifa iliyoko Dar es Salaam. Kutoka Sumbawanga hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000.

5. MJI MMOJA, HESABU MBILI

Hayo ni ya kufikiri. Sasa tuone yaliyotokea kwa majirani zetu.

Wengi wetu tumepita Tunduma. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, nchini Zambia. Watu wa miji hiyo wanauziana bidhaa na kuoana. Mtu anaweza kunywa chai upande huu na kula chakula cha mchana upande ule.

Mwezi Mei 2020 Zambia ilipeleka wapimaji Nakonde. Waliwapima madereva wa malori na watu wengine wa mpakani. Katika taarifa ya siku moja walitangaza wagonjwa zaidi ya 70 wa Nakonde peke yake. Mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa.

Na upande wa Tunduma je? Mwishoni mwa Aprili 2020 hesabu ya Tanzania ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu za nchi yetu hazikutangazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Zilianza kutolewa tena mwaka 2021. Chanjo nayo ilizinduliwa tarehe 28 Julai mwaka huo.

Kwa hiyo, mwezi ule wa Mei, mtu aliyesoma taarifa aliona hesabu kubwa upande mmoja wa barabara. Upande wa pili hakuona hesabu. Je, ugonjwa ulifika mpakani ukaonyesha pasipoti na kurudishwa? Virusi havijui mpaka. Pasipo na hesabu hatuwezi kusema kulikuwa na wagonjwa wangapi. Hatuwezi kusema pia kwamba hawakuwapo.

6. MAITI ZA LUSAKA NA DAMU YA WALIO HAI

Zambia nayo haikuona wagonjwa wake wote. Kati ya Juni na Septemba 2020 wataalamu walipima maiti 364 katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya Lusaka. Walitaka kujua ni wangapi walikuwa na virusi vya korona.

Waliowakuta na virusi ni 70. Kati ya hao 70, watu 51 walikuwa wamefia nje ya hospitali. Hakuna hata mmoja kati ya hao 51 aliyekuwa amepimwa alipokuwa hai. Waliobaki 19 walifia hospitalini, na waliopimwa kabla ya kufa walikuwa 6 tu.

Fikiri juu ya hao 51. Kila mmoja alikuwa na mama, au mke, au mume, au watoto. Waliomhudumia nyumbani hawakujua kwamba alikuwa na virusi hivyo. Hawakujua wajikinge na nini.

Njia nyingine ya kujua ukweli ni kupima damu ya watu walio hai. Mtu akiambukizwa, damu yake hutengeneza askari wa kupigana na ugonjwa huo. Akishapona, askari hao hubaki kwa muda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikusanya matokeo ya vipimo vya damu kutoka nchi nyingi za Afrika. Lilikuta kwamba kufikia Septemba 2021, karibu watu 65 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kupatwa na virusi hivyo. Hao ni watu kama milioni 800. Lakini wagonjwa walioandikwa Afrika kufikia wakati huo walikuwa milioni 8.2 tu. Kwa kila mtu mmoja aliyeandikwa, watu wengi karibu mia hawakuandikwa.

Basi ule usemi kwamba ugonjwa haukufika Afrika hauna nguvu. Ulifika. Wengi waliugua kidogo wakapona, kwa sababu ni vijana. Wengine walikufa, wakazikwa bila jina la ugonjwa.

Vifo vilihesabiwa pungufu duniani kote. Kwa miaka ya 2020 na 2021 nchi zote ziliandika vifo vya korona kama milioni 5.4. Shirika la Afya Duniani lililinganisha vifo vyote vya miaka hiyo na vile vya miaka ya kawaida. Lilikadiria kwamba vifo vilivyoletwa na janga ni kama milioni 14.9. Lakini nchi nyingi hazina madaftari kamili ya vifo. Huko wataalamu walilazimika kukisia.

7. ALIYESEMA KWELI ALIPEWA LAWAMA

Jambo hili si geni. Mwaka 1918, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, homa kali ya mafua ilienea duniani. Inakadiriwa kwamba iliua watu wasiopungua milioni 20, na huenda walifika milioni 50. Nchi zilizokuwa vitani zilizuia magazeti yasiandike habari za ugonjwa huo. Hispania haikuwa vitani. Magazeti yake yaliandika waziwazi. Matokeo yake dunia ikauita ugonjwa huo "mafua ya Hispania", ingawa haukuanzia huko. Aliyesema kweli ndiye aliyebandikwa jina.

Homa hiyo ilifika hata karibu nasi. Novemba 1918 jeshi la Wajerumani lilisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, karibu na mpaka wetu. Askari hao walisafirishwa kupitia Kasanga na Ziwa Tanganyika. Mafua yakawashambulia, na wengine walikufa. Maofisa wa Kizungu waliokufa waliandikwa majina. Wapagazi na wanavijiji wengi waliokufa kwa homa ile katika nchi zetu hawakuandikwa popote.

Miaka 103 baadaye jambo la namna hiyo lilitokea tena. Tarehe 24 Novemba 2021 Afrika Kusini iliiarifu dunia kwamba imegundua aina mpya ya virusi vya korona, iliyoitwa Omicron. Maabara zake zilikuwa hodari. Siku chache baadaye nchi nyingi zilizuia ndege zake. Aliyewasha taa alionekana kama ndiye aliyeleta panya.

Ndiyo maana nchi huogopa kusema. Na watu nao huogopa. Mtu husema, "Nikienda zahanati nitatengwa." Mfanyabiashara husema, "Wakijua, hawatanunua kwangu." Hofu hiyo tunaielewa. Lakini ugonjwa unaofichwa haulali. Unakwenda nyumba ya jirani.

8. KWETU SUMBAWANGA

Wazee wetu husema jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni aliambiwa auache uchawi kabla hajaingia. Hilo ni onyo zuri, nasi tulifuate hata leo.

Watu watatu wakifa katika nyumba moja ndani ya mwezi mmoja, baadhi yetu huuliza, "Nani amewaroga?" Kisha ajuza mmoja hutazamwa kwa macho mabaya. Wakati huo ugonjwa unaendelea kupita kwa waliokaa matanga. Swali linalofaa ni hili: "Walikufa kwa ugonjwa gani, na nani amewagusa?"

Wenzetu wa Mkoa wa Kagera walituonyesha njia. Mwezi Machi 2023 katika Wilaya ya Bukoba watu walianza kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Wengine walikuwa wa familia moja. Habari zilifikishwa kwa wataalamu. Vipimo vilipelekwa maabara. Tarehe 21 Machi serikali ilitangaza kwamba ni ugonjwa wa Marburg, ambao huua upesi sana. Watu zaidi ya 200 waliokuwa karibu na wagonjwa walitafutwa na kuangaliwa afya zao kila siku. Wagonjwa wote walikuwa 9, na waliokufa 6. Tarehe 2 Juni 2023 ilitangazwa kwamba ugonjwa umekwisha.

Tunawasikitikia hao sita. Lakini Marburg ingeweza kuua mamia. Nchi yetu haikuwa imetajirika ghafla mwaka huo. Watu walisema, wataalamu wakapima, daftari likaandikwa. Hata nchi maskini inaweza kuwasha taa.

9. TUFANYE NINI?

Kwanza. Ukiugua homa, kikohozi kikali, kuhara au kutapika, nenda zahanati mapema. Hakikisha jina lako limeandikwa. Zahanati huagiza dawa kwa kutazama daftari lake. Wagonjwa 100 wakikaa nyumbani, daftari litaonyesha kwamba dawa hazihitajiki.

Pili. Mkiona watu kadhaa wanaugua namna moja, au vifo vinafuatana, msingoje. Mwambieni mhudumu wa afya wa mtaa au kijiji, au mwenyekiti, au mtendaji. Mnaweza pia kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya. Haitozwi malipo.

Tatu. Andikisheni vifo. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, hata kama mtu amefia nyumbani. Cheti cha kifo huwasaidia wajane na yatima kupata haki zao. Pia huisaidia nchi kujua watu wake wanakufa kwa nini.

Nne. Msimtenge aliyepimwa na kukutwa na ugonjwa. Mpelekeeni chakula. Mpeni moyo. Mkimwaibisha mmoja, kumi watajificha.

Tano. Msingoje hesabu ndipo mjikinge. Nawa mikono kwa sabuni. Fungua madirisha mchana, hata wakati wa baridi. Ziba mdomo kwa kiwiko ukikohoa. Chanjo ikiletwa, sikiliza maelezo ya wataalamu, uliza maswali, kisha uchanjwe.

Sasa turudi kwa yule kijana wa Kizwite na mzee wake. Kijana alisikia hesabu ndogo akadhani ugonjwa ni mdogo. Mzee hakujua idadi ya wagonjwa. Alijua tu kwamba hesabu ina mwenye kuihesabu. Ukisikia redioni kwamba mahali fulani pana wagonjwa wengi na pengine wachache, uliza kama mzee: "Waliopimwa ni wangapi? Nani aliwaandika?"

MANENO MAPYA

Takwimu: hesabu za mambo ya watu au nchi zilizokusanywa na kuandikwa.
Maabara: chumba cha kupimia damu, makohozi na vitu vingine ili kujua ugonjwa.
Kukadiria: kutafuta hesabu iliyo karibu na kweli wakati hesabu kamili haipo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ghala lenye taa lilionekana kuwa na panya wengi. Kwa nini?
2. Taja sababu mbili za kweli zilizofanya korona iumize zaidi nchi tajiri.
3. Katika kijiji cha pili watu 100 waliambukizwa, wakaandikwa 2. Ni wangapi hawakuandikwa?
4. Wenzetu wa Kagera walifanya nini mwaka 2023?
5. Mwaka huu, katika mtaa au kijiji chako, wamekufa watu wangapi? Wangapi kati yao wameandikishwa? Ulizeni, hesabuni, kisha mpelekeeni mtendaji wenu majibu.